Mguu wa Fundi wa Breki

Kabla ya kuliangalia gari lako, alikuwa anakuangalia viatu. Magurudumu hakuyajali, wala boneti, wala lile bawa ambalo vijana hulifunga nyuma ili gari lifanane na ndege iliyonyimwa ruhusa ya kuruka. Viatu. Ukija na soli nene kama tofali alitikisa kichwa na kusema, "Na hicho kiatu utasikia nini? Hata ukikanyaga paka hutajua." Kisha alivua akala yake, ndala ya mpira wa tairi, akaingia upande wa dereva, akaweka mguu wa kulia, mtupu, juu ya kanyagio la breki, na akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi kwa wakwe.

Nasema alikuwa kwa sababu ya mambo nitakayoyafikia, si kwa sababu amekufa. Yu mzima, na akisomewa haya atabisha kila mstari.

Pale Kariobangi kwa mafundi hakuna anayemwita kwa jina. Ni Fundi wa breki, au Fundi tu, ingawa mtaa mzima ni mafundi na ukipaza sauti "Fundi!" vitainuka vichwa vya kujaza basi. Mimi nauza spea kuukuu kibanda kinachofuata chake, tunagawana ukuta mmoja wa mabati na ugomvi wote unaopita ndani yake. Nina tabia ya kuhesabu kila kitu mara mbili: nati, chenji, hata watu wanaoingia kibandani na wanaotoka. Yeye akaniita Dada Mara Mbili. Sikukasirika. Katika biashara hii nimeitwa mabaya zaidi kabla ya chai ya saa nne.

Kwao ni wapi hasa, sijawahi kumuuliza. Najua alifanya kazi reli, kwenye breki za mabehewa, kwa sababu haipiti siku bila yeye kulitaja. Najua anaimba kwaya kanisani na kwamba kila wimbo anauvuta nyuma, mpaka mwalimu wa kwaya akamweka safu ya mwisho ili uzito wake usiwafikie wenzake. Najua alikuja kazini kwa miguu kutoka Kayole, na akifika tu alikunywa chai yenye sukari ambayo hata mimi niliacha kuihesabu. Kijiko kilikuwa kinasimama chenyewe.

Wateja wake wengi wa miaka ya karibuni ni watu wanaokwenda kukimbiza magari kwenye uwanja wa mbio, kule nje ya mji, upande wa nyika. Usifikirie wale mabingwa wa vikombe na picha. Ni watu wa kawaida wenye magari ya kawaida, wanaolipa kiingilio Jumamosi wakazunguke lami kwa mwendo ambao kwenye barabara ya Outer Ring ungewapeleka korokoroni au mochari. Wengi huja na hadithi za injini. Akiulizwa lolote kuhusu nguvu za injini, Fundi anaelekeza kidole ng'ambo ya barabara: "Hiyo muulize fundi wa kelele."

Na mtu huyu huyu anaogopa mwendo. Akipewa lifti hukaa nyuma, mkono umeshika kiti cha mbele, na gari likishapita baiskeli anaanza: "Pole pole, mwanangu. Hata hao wanaotungoja wamekaa." Uwanjani alikuwa hajawahi kukanyaga. Nilimuuliza siku moja inakuwaje unatayarisha magari ya mbio na mbio zenyewe huzijui.

"Kwani daktari wa wajawazito lazima ashike mimba?" akanijibu.

Nikarudi kwenye nati zangu, nikazihesabu. Mara mbili.

Mbele ya kazi hakuwa na haraka na hakuwa na unyenyekevu. Kwanza alikutolea mafuta ya breki yaliyokuwa ndani ya gari, akayatia kwenye chupa ya maji, akainyanyua juani mbele ya wote. Yakiwa meusi kama strungi, chai isiyo na maziwa, alikuuliza mara ya mwisho kuyabadilisha ni lini, na jibu lilikuwa ni lile lile: kwani hubadilishwa? Hapo alianza mahubiri. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa taratibu, na wewe wa kwenda sokoni na kurudi hutajua kamwe. Lakini kule uwanjani breki hupata moto wa jiko, ule unyevu unachemka, unatoa mapovu, na mguu wako sasa unakandamiza hewa. "Unakanyaga, na kanyagio linakwenda chini kimya kimya," alisema, "kama mpangaji anayehama usiku. Unagundua ameondoka ukishafika kwenye kona."

Kwa hiyo mafuta mapya, ya kuvumilia moto, kila gari, bila kubishana. Na wakati wa kutoa hewa kwenye mabomba, yeye alilala chini kwenye gurudumu na spana yake, na mwenye gari ndiye aliyekaa ndani akanyage. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Mtaa wote uliijua sauti hiyo. Makanga wa stejini waliiiga wakiwapanga abiria. Ukijaribu kumtuma mtu mwingine akukanyagie ili wewe ukanunue soda, alichomoa spana, akaketi. "Anayekwenda kukanyaga Jumamosi ndiye akanyage leo."

Ila neno la mwisho lilikuwa la mguu wake. Kazi ikiisha, akala pembeni, mguu mtupu, macho yamefumbwa, injini inanguruma. Alisema kupitia kanyagio anasikia bomba la mpira lililochoka likivimba, anasikia kalipa, lile koleo linalobana diski, iking'ang'ana kwenye pini zake, anasikia diski iliyopinda. Mimi niliona ni majigambo, nikamtegea. Nilikuwa na gari la mjomba ambalo najua kalipa moja ya mbele imekaza. Akakanyaga, akafumbua jicho moja. "Mbele kulia. Na mwambie mjomba wako asitie grisi ya mlango kwenye breki." Nililipa soda. Alitaka yenye sukari.

Kama jirani wa biashara, ni hasara tupu. Mteja anakuja kwangu, namuuzia pedi za breki zilizotumika, nzuri tu, nusu ya unene wake bado ipo, tunavutana bei hadi sote tunahisi tumeibiwa, yaani bei ya haki. Anapita mlango wa pili. Fundi anaipokea pedi, anaigeuza, anairudisha kupitia tundu la mabati. "Dada Mara Mbili, hizi ni za kwenda kanisani."

"Zina nyama!"

"Zina nyama ya kwenda kanisani. Kule pedi nyembamba inapika mafuta. Mpe pesa zake akanunue mpya."

"Wewe ni jirani au adui?"

"Inategemea na kona."

Pedi zikishakuwa mpya, hakuruhusu zikimbizwe siku hiyo hiyo. Zilipaswa kuzoeana na diski kwanza. Jumapili alfajiri, kabla ya kanisa, alimpeleka mwenye gari kwenye barabara ya nyuma ya viwanda, ambako saa hiyo hata mbwa wamelala. Yeye alibaki kando ya barabara na suti yake ya kwaya. Gari linashika mwendo, linapunguza kwa nguvu bila kusimama kabisa, linashika tena, linapunguza tena, na kila likimpita ananusa. Kuna harufu kali ya kuungua anayoingoja. Ikifika, anapunga mkono: sasa endesha taratibu bila kugusa breki, zipoe. Kisha anakwenda kumwimbia Mungu akinuka pedi.

Halafu kuna jiwe.

Kila gari linalokwenda uwanjani linatoka kwake na jiwe kwenye buti. Wanaocheka nawaelewa. Mtu amenunua mabomba ya waya wa chuma, ametoboa bampa ili diski zipate hewa, halafu anakabidhiwa jiwe kama la makanga wa basi bovu mlimani. Lakini sisi tulioendesha au kupandishwa milima ya nchi hii tuna ugonjwa mmoja: gari likisimama tu, mkono umeshavuta breki ya mkono, hata akili haijaulizwa. Ukitoka kwenye mizunguko diski zinafuka, ukavuta breki ya mkono, pedi inaganda pale pale penye moto na diski inapoa vibaya. Kwa hiyo Fundi alikupa jiwe, ukaliweke kwenye tairi, na mkono wako ushike simu.

Dereva mmoja wa teksi wa mtaa wa Umoja aliliacha jiwe nyumbani, lilimwaibisha. Akaenda uwanjani, akazunguka kama aliyelaaniwa, akaingia bila mzunguko wa taratibu wa kupoza, akavuta breki ya mkono. Moshi. Akaogopa gari litaungua, akachukua dumu la maji ya kunywa, akazimwagia diski. Alirudi kwetu Jumatatu na gari linalotikisika kila akigusa breki, kiasi kwamba abiria walishuka wakilipa nusu.

Tulitegemea matusi. Fundi akamkaribisha chai, ya moto sana, kwenye glasi. Yule akafurahi. Kabla hajainyanyua Fundi akamimina maji ya baridi juu ya glasi. Ikapasuka, tii, chai yote mezani.

"Umeona?" akasema.

"Nimeona, mzee."

Glasi ilikuwa yangu. Hakuna aliyeniuliza kama nimeona.

Nisingeandika haya yote kama si Nesi. Ni muuguzi wa kliniki moja kule Kayole, ana gari dogo kuukuu la Kijapani lenye sauti ya kikohozi, alilolinunua kwa kujinyima. Nilimuuliza anatafuta nini kwenye mbio mtu wa kazi kama yake. Akasema kule ndani ya kofia ngumu ndiko mahali pekee ambako hakuna anayemwita. Huyo alikuwa mteja pekee asiyebishana na Fundi, na pekee aliyekuja amevaa viatu vyepesi bila kuambiwa. Fundi alimpenda kwa namna yake: alimkemea kidogo kuliko wengine.

Wiki moja kabla ya zamu yake ya uwanjani walifanya kazi yote. Mafuta, pedi, kanyaga, shikilia, achia. Fundi akavua akala, akaingia, akafumba macho. "Safi," akasema, akatoka. Nesi akaingia kukaa, kisha akasimama akiwa nusu ndani.

"Fundi, umekatwa."

"Wapi?"

Neno hilo sijalisahau. Mtu aliyekatwa haulizi wapi. Kanyagio lilikuwa jekundu, na chini ya unyayo wake kulikuwa na kipande cha chuma kilichojikunja, taka za mashine ya jirani, kimezama kabisa. Alikuwa ametembea nacho kutoka upande mmoja wa gari hadi mwingine.

Nesi akakitoa, akafunga kidonda kwa leso yake. Kisha akaingia ndani ya gari, akakanyaga breki mwenyewe. Akakanyaga tena.

"Inazama kidogo. Mwisho kabisa."

"Haizami," Fundi akasema.

"Fundi wangu, inazama."

Akarudi chini na spana. Kanyaga, shikilia, achia. Kwenye gurudumu la mbele kushoto, ndani ya kibomba cha plastiki, likapita povu. Kubwa, lisilo na aibu. Tuliliona wote. Lile povu lingekwenda na Nesi hadi kwenye kona ya mwisho wa ile lami ndefu, na Fundi alikuwa amelipatia cheti: safi.

Alikusanya spana, akafunga kibanda jua likiwa bado juu ya paa, jambo ambalo hakulifanya hata siku za mvua kubwa. Nesi hakwenda uwanjani Jumamosi ile.

Fundi alipotokea tena alikuja kwangu, si kwake. Mkononi ana sanduku la vifaa.

"Dada Mara Mbili, nunua."

Nikalifungua. Spana za reli, zile nzito zisizopatikana tena, kila moja imefutwa mafuta. Mimi nimengoja maisha yangu yote mtu aniletee sanduku la namna hiyo akiwa amekata tamaa. Nikazitazama, nikazitazama tena. Kisha nikamtajia bei ya aibu. Bei ambayo hata mwizi asingeitaja mbele ya mzazi wake.

Akanikodolea macho. "Hiyo haitoi hata spana moja!"

"Ndiyo bei yangu. Ukiona ni ndogo, ondoka nazo."

"Wewe ni mwizi wa mchana!"

"Basi usiuze. Ziache hapa chini ya meza yangu bure, wewe nenda kliniki kwa Nesi. Ukirudi umenihakikishia kwamba mguu umekufa kabisa, nitaongeza bei."

Alikaa kwenye kreti ya soda. Halafu akasema kwa sauti ambayo kupitia mabati sijawahi kuisikia, "Mguu umenyamaza tangu mvua zilizopita. Nilidhani ni baridi. Kama mguu hausemi, mimi ni nani hapa? Mzee wa kushika tochi."

"Nenda kwanza ukaambiwe wewe ni nani," nikamwambia. "Hiyo ya tochi tutapatana baadaye."

Alikwenda. Ilikuwa sukari, ule ugonjwa, kama Nesi alivyodhani tangu lile neno "Wapi?" Imekula hisia za nyayo, na mguu wa kulia umetangulia. Walimwambia imeshikwa mapema kiasi cha kuokoa miguu, ila hisia zilizoondoka hawakumwahidi kuzirudisha. Dawa. Viatu vya kufunika, kila saa. Kila jioni akague nyayo zake kwa kioo. Na ile chai. "Sukari nimeiacha," alinitangazia, "majani nimebaki nayo kama mjane." Viatu alivyonunua ni vyeusi, vipana, vya kamba, kama vya askari jela mstaafu. Mafundi walimpigia saluti wiki nzima.

Akachukua sanduku lake chini ya meza yangu. Hakuniaga wala kunishukuru. Nilihesabu spana kabla hajalibeba, nikahesabu tena. Hii ndiyo namna yangu ya kukumbatia mtu.

Kisha akaanza upya, kwa shida. Sasa mteja alipomaliza kukanyaga, Fundi alisimama dirishani na viatu vyake vya askari jela na kuuliza, "Mguu wako unasema nini?"

"Iko fiti, mzee."

"Fiti si jibu. Fiti ni salamu. Inasema nini?"

"Iko... ngumu?"

"Ngumu kama nini? Kama ukuta? Kama godoro jipya? Ukikanyaga mara ya pili inapanda au inabaki?"

Wengine walikasirika. Walikuja kusikilizwa na mguu wa Fundi, si kufanyiwa mtihani. Maneno yakaanza kuzunguka kwamba Fundi amekwisha, na wateja kadhaa wakahamia kwa mtu mmoja aliyekuwa anapaka kalipa rangi nyekundu. Waliobaki walibadilika. Nilisikia kupitia mabati watu wazima wakitafuta maneno ya mambo ambayo walikuwa wakiyakanyaga miaka yote bila kuyasikia. "Inalegea mwanzoni, halafu inashika." "Kuna kitu kinanitekenya." Na Fundi, amefumba macho dirishani, akifuata: kinatekenya haraka au taratibu? Mara nyingi alipata. Mara nyingine alikosea, akafungua magurudumu mawili bure, akanung'unika.

Nesi alimpa sharti. "Nitarudi uwanjani siku utakayokwenda na mimi."

"Mimi na mwendo hatusalimiani."

"Usisalimiane nao. Simama pembeni."

Akakataa, akakataa tena, kisha akaja kwangu kuniambia kwamba nami naenda, kana kwamba ni mimi niliyekuwa nakataa.

Tukaenda. Alikaa nyuma njia nzima, jiwe mapajani, akimwambia Nesi apunguze mahali ambapo malori yalikuwa yanatupita. Uwanjani alichagua kusimama kwenye uzio, akiipa lami mgongo. Hakutazama hata gari moja. Mizunguko ya Nesi ilipoanza nilimwona akiinamisha kichwa. Kila mara kile kikohozi cha gari kilipofika mwisho wa lami ndefu, breki zilipong'ata, vidole vyake vilikaza waya wa uzio. Kisha sauti ya kona. Kisha vidole vinaachia. Hakupumua vizuri mpaka bendera ilipopungwa, na hata hapo alingoja asikie kwamba Nesi anazunguka mzunguko wa mwisho taratibu, akiziacha zipoe.

Nesi akaingia, akasimama, mikono yote miwili hewani ili tuione haijagusa breki ya mkono. Fundi akainama kwa taabu, akasukuma jiwe kwenye tairi. Hakumwaga maji, hakugusa kitu. Tulingoja tu, diski zikilia tik, tik, zikipoa, na yeye akizitazama kwa jicho moja kupitia matundu ya gurudumu kama anayemchungulia mgonjwa aliyelala.

Zamu ya pili ya Nesi ilikuwa inaitwa. Alitaka kujua jambo moja tu: arudi, au asirudi.

"Inasema nini?" Fundi akamuuliza.

"Tamu, Fundi! Tamu sana!"

"Mguu wako umelewa furaha. Utasema uongo." Akageuka. "Dada Mara Mbili. Vua viatu."

"Mimi? Mimi siendeshi hata mkokoteni."

"Ndiyo maana. Wewe hujawahi kuamini kitu mara ya kwanza. Ingia."

Nikaingia. Injini inanguruma, kiti kina jasho la mtu mwingine, mguu wangu mtupu juu ya chuma chenye joto. Fundi akaweka mikono dirishani, akafumba macho.

"Kanyaga."

Nikakanyaga. Nikatamani kusema iko fiti nishuke. Lakini nilimwona uso wake, na nikajua sina haki ya kumpa salamu.

"Inashuka kidogo," nikasema. "Kidogo tu, kama mtu anayekupokea mlangoni. Halafu inakataa. Haisukumiki. Kama mimi nikishafika bei ya mwisho."

"Haizami ukingoja?"

"Nimengoja. Haizami."

"Haitekenyi?"

"Hapana."

"Kanyaga tena."

"Nishakanyaga mara mbili, Fundi."

"Najua," akasema, na akafumbua macho.

Akazunguka mbele ya gari, viatu vyake vikubwa vikipiga lami, akainama, akaondoa jiwe.